Wito Uliopelekwa na Aliyepigwa

Wanangu mnaokuja kushika ofisi za kata siku hizi, na digrii zenu na mabegi yenu ya mgongoni, nimeombwa niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Aliyeniomba ni afisa maendeleo wetu mpya, binti mwenye adabu, alinikuta naanika michembe ya viazi akaniuliza kama ni kweli nilikuwa katibu wa baraza la kata kwa miaka kumi na tisa. Nikamwambia ni kweli, ila elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba nililisomea Sapiwi nikiwa nimekaa chini. Akasema, andika tu mayu, yaani mama, sisi tutasoma. Sijui kama mtasoma. Nimewaona mnavyosoma, mnaisukuma simu kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi.

Nina madaftari kumi na moja. Kila jioni nilikuwa naandika kilichofanyika ofisini, hata kama ni mvua tu. Kwa hiyo hapa sikisii. Pale daftari lisiposema nitawaambia halisemi. Jina la kata silitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha, kwa sababu wengine wako hai na tunakutana mnadani.

Nianze na barua ya wito, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu kuliko kazi zote. Aliyenifundisha ni Mzee Kasanda, katibu aliyenitangulia. Alikuwa amewahi kuwa tarishi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mwandiko wake ulikuwa umelala wote upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Alinifundisha kwa wiki moja. Mhuri, alisema, usiupige kwa hasira, utatoka kama nyayo za kuku. Ukaushe wino kwa kupepea, usipulize, mate yanaruka. Na wito unapelekwa na anayelalamika, kwa sababu yeye ndiye anayejua nyumba ya mtu wake.

Hilo la tatu niliona lina akili, na kwa kesi za ng'ombe lilikuwa na akili kweli. Mtu mtama wake umeliwa na ng'ombe wa jirani, anakuja kwetu, tunamwandikia wito, anaupeleka mwenyewe. Njiani anampitia balozi wa nyumba kumi, wanaenda wote, jirani anasaini. Mara nyingi walikuwa wanamalizana huko huko kwenye kigoda, hata hawafiki barazani, na mimi nabaki nawangoja na kalamu yangu. Nilipenda sana kesi za namna hiyo.

Basi sisi, watu wazima wenye akili zetu, tukachukua utaratibu wa ng'ombe na mtama tukamvalisha mwanamke aliyepigwa na mume wake. Anatoka kwake amevimba, anatembea kwa miguu asubuhi nzima, anatueleza, tunamsikiliza tukitikisa vichwa. Halafu tunaandika karatasi, tunaigonga mhuri, tunamrudishia mkononi. Kampe. Kampe nani? Yule yule. Na hatukuona kichekesho wala aibu. Tuliona tumehudumia mteja.

Nisiseme "tuliona" kama vile nilikuwa nimesimama mbali. Mkono ulioandika ni wangu. Na mimi ni mwanamke, na kabla sijawa mjane na mimi nilishawahi kufunga kilemba kushusha hadi kwenye nyusi ili watu wasione. Kwa hiyo msiniambie sikujua uzito wa ile karatasi.

Limi alikuja siku ya Jumanne, msimu wa kuvuna pamba. Alikuwa mama wa watoto wawili, mkubwa wa kiume na mdogo wa kike, umri wake daftari halisemi, nadhani hakuwa amefika thelathini. Vidole viwili vya mkono wa kulia alikuwa amevifunga kwa kipande cha kanga, vimekaa upande kama si vya mkono ule. Mume wake, Jilala, alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe.

Kosa lake Limi ni hili. Alikuja mgeni kununua dume la kukokota jembe. Limi akiwa anampa mgeni maji, mgeni akauliza tu, huyu dume mzima? Limi akamjibu kuwa akishapumzika anachechemea. Na dume alikuwa anachechemea kweli. Mgeni akanywa maji yake, akashukuru, akaondoka bila dume. Jilala akamsindikiza hadi nje ya ua wa minyaa, wakaagana vizuri, akarudi.

Sasa nimtendee haki Jilala. Alikuwa mkulima hasa. Alisoma hadi kidato cha pili, kunizidi mimi. Salamu yake haikosi, ukipita ni mwangaluka mayu kabla hujamwona. Na hakuwa mnywaji. Hili nalisema makusudi, kwa sababu kwenye semina walikuwa wanatuambia mambo haya yanaletwa na pombe, nasi tunaitikia. Jilala alipiga akiwa amekunywa maji.

Nikafungua kitabu. Kwenye sehemu ya malalamiko nikaandika "mgogoro wa ndoa". Ndivyo tulivyokuwa tunaandika zote. Aliyeng'olewa jino, mgogoro wa ndoa. Aliyemwagiwa uji, mgogoro wa ndoa. Kwa jinsi vitabu vyetu vinavyosoma, mtu wa mbali angedhani wanawake wa kata ile walikuwa wanabishana na waume zao kuhusu jina la ndama. Nikaandika wito, nikagonga mhuri, nikapepea, nikampa.

Akauangalia. "Nimpe mimi?"

Nikamwambia yeye ndiye mlalamikaji, utaratibu ndio huo. Akaukunja mara nne, akaufungia kwenye pindo la kanga kwa mkono wa kushoto na meno, akaondoka.

Ijumaa akarudi. Wito ulikuwa umekunjwa vile vile, safi, bila saini. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii na alikuwa ananigeuzia la kulia nikisema. Alieleza kwa kifupi kwamba Jilala ameukataa. Nikampelekea mwenyekiti wa baraza, Mzee Luhende, aliyekuwa amekaa nje anapiga soga. Akauliza, kasaini? Nikasema hajasaini. Akasema bila saini wito haujafika, aandikiwe wa pili, ni lazima ifike mitatu ndipo tumchukulie mtu hatua. Hakuuliza kuhusu sikio. Nami sikulitaja, maana kwenye fomu hakuna mahali pa sikio.

Nikaandika wa pili. Nikampa.

Kati ya wito wa pili na wa tatu tukaitwa semina Bariadi mjini. Vijana, semina mnazijua, lakini hiyo ilikuwa ya kwanza kwetu kuhusu mpango wa serikali wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kulikuwa na bango kubwa na fulana za rangi ya zambarau. Mwezeshaji alisema neno "mtambuka" mara nyingi sana, nikaliandika, mpaka leo sijalitumia. Tukaambiwa kila kata iwe na kamati ya ulinzi wa mwanamke na mtoto. Ya kwetu tuliiunda pale pale kabla chai haijapoa: mtendaji wetu wa kata aliandika majina ya wote aliokuja nao kwenye gari, pamoja na dereva, na pamoja na Mzee Luhende ambaye wakati huo alikuwa amesinzia. Alipoamka alikuta yeye ni mlinzi wa wanawake na watoto.

Lakini nisiwe mtu wa kudharau kila kitu. Pale semina alikuwepo binti mmoja mwanasheria, mwembamba, hakutumia bango wala nini. Alisimama akasema Sheria ya Ndoa ya mwaka sabini na moja inakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na kwamba mtu aliyevunjwa au kutiwa jeraha si wa kusuluhishwa barazani. Anapelekwa polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, anapewa fomu ya polisi, anaenda hospitali siku hiyo hiyo, na kesi inakuwa ya jinai. Mwaka sabini na moja mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nilianza kazi sheria hiyo ikiwa imeshazeeka, na nilikuwa sijawahi kuisikia ikisemwa kwa sauti.

Wakati wa chai nikamfuata. Nikamuuliza ile ya miito mitatu inayopelekwa na mlalamikaji iko kwenye sheria gani, nataka kifungu. Akaniomba nirudie.

"Anayeupeleka nani?"

"Yeye mwenyewe aliyepigwa."

Akaweka kikombe mezani. "Mama, hiyo haijaandikwa popote."

Nilirudi nyumbani na fulana yangu. Jioni ile nimeandika hivi kwenye daftari, nanakili kama ilivyo: "Semina nzuri. Wali na nyama. Mwanasheria kasema vitu vya maana." Basi. Sikumwambia mtendaji, sikumwambia Mzee Luhende. Nilijiuliza mimi wa darasa la saba nitawaambiaje wanaume kwamba utaratibu wa Mzee Kasanda haupo. Fulana niliivaa kwenda kisimani, ilikuwa nzito nzuri.

Limi alipokuja mara ya tatu, pamba ikiwa imeshauzwa, nilikuwa najua. Hapo ndipo ninapowaomba mnielewe vibaya, msinielewe vizuri. Nilikuwa najua kwamba ile barua haina sheria nyuma yake, na bado nikachukua kalamu, nikaandika wa tatu, nikapepea, nikamnyooshea.

Hakuupokea. Alikuwa amesimama, kwenye benchi hakukaa, nadhani kukaa kulikuwa kunamuuma.

"Mayu, huu peleka wewe. Wewe una mhuri. Mimi nina mgongo tu."

Mtendaji alicheka, akasema huyu dada ana maneno. Mimi nilichukua baiskeli.

Mvua za mwanzo zilikuwa zimenyesha, na udongo wa mbuga mnaujua. Nilipanda kidogo, nikasukuma sana, nikawa nasimama kuchokonoa tope kwenye matairi kwa kijiti. Nilifika mchana. Jilala alinipa kigoda, akaniletea maziwa mgando, akauliza habari za wajukuu. Nikampa wito, akausoma, akasaini. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba hakujua ni kitu cha kweli. Alidhani ni karatasi za mke wake tu, maana serikali ikimtaka mtu inatuma mtu wake.

Nikanywa maziwa yote. Mara mbili Limi aliingia kwenye mji ule wa Jilala na karatasi ile ile, mhuri ule ule, akatoka na alichotoka nacho. Mimi nimeingia mara moja nimepewa maziwa. Kama mnataka kujua kwa nini siku hizi nasema maneno makali kuhusu taratibu, ni kwa sababu ya yale maziwa.

Siku ya shauri wajumbe walifika wote, jambo ambalo halikuwa kawaida. Kesi ya mume na mke ilikuwa inapendwa, ya mpaka wa shamba walikuwa wanatoroka. Limi na Jilala tuliwakalisha benchi moja, kwa sababu tulikuwa na benchi moja. Wanangu, kama mna benchi moja, mwanamke mpeni kiti chenu ninyi msimame. Mtu hawezi kueleza mpini huku magoti yake yamegusana na ya mwenye mpini.

Mzee Luhende alimuuliza Limi alimfanyia nini mume wake mpaka akafika huko. Limi akaeleza habari ya dume. Wajumbe wakacheka, na ukweli ni kwamba na mimi nilitabasamu, kwa sababu alieleza vizuri. Mama mmoja mjumbe akasema sisi wote tumepita humo na ndoa zetu zipo. Jilala alipoulizwa alisema hakumpiga, alimrekebisha. Hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni kinyume cha sheria. Alikuwepo Mzee Luhende, mlinzi wa wanawake na watoto, na nilikuwepo mimi niliyeambiwa na mwanasheria kwa mdomo wake, na hakuna aliyesema. Tulisema mkae vizuri. Tulisema mvumiliane. Ikaamuliwa Jilala apeleke mbuzi kwa wakwe zake, na mwingine wa baraza kwa usumbufu, na Limi arudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nikaandika: "Wamesuluhishwa, mlalamikaji amesamehe." Nikasogeza kidau cha wino ili Limi aweke dole gumba.

"Nisomee kwanza," akasema.

Nikamsomea.

"Nani kasamehe?"

"Wewe."

"Nimesema saa ngapi?"

Nikageuka nimtazame Mzee Luhende. Akasema huyo anachelewesha watu, katibu, mshike mkono. Limi akauingiza mkono ndani ya kanga, ule wenye vidole vilivyopinda, akaubana kwapani. Akasema maneno ambayo nimeyaandika kwa wino mwekundu, na daftari zima hakuna pengine nimetumia mwekundu:

"Mkitaka msamaha andikeni mmesamehe ninyi. Mimi vidole hivi haviwezi kushika pamba, vitashikaje msamaha?"

Sikumshika mkono. Msianze kunisifu. Wino ulikuwa umekauka na nilikuwa nimeinama nautafutia maji, na mpaka leo sina hakika kama maji yangekuwa karibu ningefanyaje. Nilipoinuka alikuwa ameshatoka. Hakwenda kwa Jilala. Alimchukua binti yake mdogo, akaenda kwa kaka yake Mwamapalala.

Sasa sikilizeni jambo la kazi, maana hili bado lipo na mtakutana nalo. Mtu anayetaka talaka mahakamani anatakiwa aende na karatasi ya baraza inayosema baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Limeshindwa: neno ndio hilo. Bila hiyo, hakimu hampokei. Yaani mlango wa kutokea uko mikononi mwa wale wale waliomwambia avumilie, na ili wamfungulie inabidi wakiri kwa maandishi kwamba wao wameshindwa. Mnamjua mwenyekiti gani anayependa kusaini hivyo?

Mzee Luhende hakupenda. "Hapa hatushindwi," alisema. Taarifa ya kwenda wilayani ilikuwa na safu mbili, waliosuluhishwa na walioshindikana, na ile ya pili kwetu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Wilayani walitusifia. Hata cheti tulipewa.

Limi akawa anakuja kila Alhamisi. Anakaa, anangoja, anaambiwa mwenyekiti hajafika, au amefika lakini mhuri haupo, kwa sababu mhuri mtendaji alikuwa anautia mfukoni mwa koti, akienda msibani unaenda msibani. Alhamisi tano. Ya nne alikuja na taarifa kwamba Jilala amemwambia kaka yake kuwa mke asiporudi kabla ya kulima, atakuja kumchukua mwenyewe, na safari hii hatatumia mpini. Nikampelekea Mzee Luhende maneno hayo neno kwa neno. Akasema mwanamume akitishia ni dalili bado anampenda.

Fomu nilikuwa nimeshaijaza. Kwenye sehemu ya sababu nilikaa muda mrefu. Nilianza kuandika "mgogoro", nikafika kwenye herufi ya tatu, nikaichana, nikachukua nyingine nikaandika: "Kumpiga kwa mpini wa jembe na kumvunja vidole viwili, kumuumiza sikio kwa sababu ya kupeleka wito." Ndiyo sentensi bora niliyowahi kuiandika serikalini, na niliificha chini ya kitabu cha wageni.

Msidhani kilichomfanya Mzee Luhende asaini ni vidole, au sikio, au kile kitisho. Kilikuwa mbuzi. Jilala hakuleta mbuzi wa baraza. Mzee Luhende akamtuma mtu kumkumbusha, na Jilala, pale mnadani, mbele ya wanaume wanaokula nyama choma, akasema baraza lile ni la wazee wenye njaa, na kwamba mwenyekiti anamfundisha nani kuhusu wake wakati wa kwake ndiye anayemwamulia avae kofia gani.

Kesho yake nilikuwa bado nafagia. Mzee Luhende akaingia, hata salamu hakuna.

"Iko wapi karatasi ya yule binti?"

Akasaini bila kusoma, mtendaji akagonga mhuri kwa nguvu, ukatoka kama nyayo za kuku. Mifupa ya mwanamke haikutosha kwa Alhamisi tano. Kofia ya mwenyekiti ilitosha kwa asubuhi moja. Huo ndio uliokuwa mpango wetu wa kutokomeza ukatili.

Ameshafariki Mzee Luhende, nami sitaki kumsema mtu asiyeweza kujibu. Kwenye mipaka ya mashamba alikuwa hapindishwi, niliwahi kumwona anamnyima mdogo wake wa tumbo moja haki isiyo yake. Alikuwa mtu mwenye haki hadi mlangoni mwa nyumba ya mtu. Akifika mlangoni anavua haki na viatu.

Limi aliipata karatasi. Nilimsindikiza Bariadi mimi mwenyewe, na safari hii nikampitisha kwanza polisi, kwenye dawati, kama nilivyofundishwa semina na nikachelewa kufanya. Askari wa pale alikuwa binti mpole, alitupa viti, akafunga mlango. Akamuuliza Limi vidole hivi vilivunjika lini, akaambiwa. Akauliza mbona hukuja siku ile ile tukakupa fomu ukatibiwe. Limi akamjibu bila kuniangalia:

"Nilikuwa napeleka barua."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Askari akaandika.

Kesi ya jinai haikufika mbali, daktari alisema vidole vimeshaunga vibaya na hawezi kusema viliumia kwa nini. Lakini Jilala aliitwa pale dawatini na kuonywa, na Mwamapalala hakwenda tena na maneno yake. Mahakama ya mwanzo ilitoa talaka. Limi alipata binti yake na sehemu ya mifugo, mtoto wa kiume alichagua kubaki na baba yake. Yuko hai, analima, pamba anavunia mkono wa kushoto. Tukikutana tunasalimiana. Sijawahi kumwomba radhi, kwa sababu kila nikitaka kuanza naona kama namwandikia wito mwingine wa kuja kunisamehe.

Ninyi mtasema hayo ni ya zamani, sasa tuna simu na makundi ya wasapu na fomu za kubonyeza. Ni kweli, na mengi ni mazuri, dawati ni zuri, na nimeona mwalimu wa kike akimwokoa mtoto kwa kupiga simu moja. Lakini mwezi uliopita nilikuwa ofisini kwenu nafuatilia kitambulisho, nikamsikia mtendaji kijana, shati limepigwa pasi, anampigia mume simu mbele ya mke aliyekuja kushtaki: mkeo yuko hapa analalamika, hebu njoo muyamalize. Ile ni barua yangu. Imepewa salio tu.

Mkija kazini, mtu akiwaambia utaratibu ndio huu, ombeni kifungu. Hata mkionekana wajuaji. Andikeni kiungo cha mwili na kitu kilichotumika, acheni migogoro. Someni kwa sauti kabla ya dole gumba. Na kabla hajaondoka mbele yenu mwulizeni atalala wapi leo, kisha msikilize jibu, maana mimi kwa miaka mingi sikuwahi kuuliza hilo, na wote walikuwa wanaenda kulala pale pale.

Kuna safari moja nimeiruka, nimeiruka makusudi. Baada ya karatasi kusainiwa, nakala moja ilitakiwa imfikie Jilala. Niliipeleka mwenyewe kwa baiskeli, udongo ulikuwa umeshakauka. Hakunipa kigoda. Aliisoma amesimama, akarudia.

"Hapa mmeandika kupiga na kuvunja," akasema. "Siku zote mlikuwa mnaandika mgogoro."

Nikakubali.

"Kwa hiyo ni kosa."

"Ni kosa. Lilikuwa kosa kabla hujazaliwa."

Msimwonee huruma ya bure. Alikuwa anajua. Mtu asiyejua hangoji mgeni avuke minyaa ndipo aanze. Lakini aliloniuliza baada ya hapo lilikuwa swali la haki, na mwenye haki ya kuliuliza alikuwa Limi, bahati mbaya likaulizwa na yeye.

"Na baraza lilikuwa linajua?"

Nikamwambia, wengine sijui. Mimi nilikuwa najua.

Akaomba kalamu, akasaini kwenye kitabu changu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Akanirudishia kitabu, akaniangalia kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Na bado unaandika pale?"

Niliandika pale miaka mingine minne.